Vigae vya udongo vyenye nakshi: muhuri na kalibu vikikataa, tafuta chanzo hapa

Kigae cha sakafu kikitoka na nakshi mbovu, mafundi wengi hukamata patasi na kuanza kuchonga upya muhuri, yaani kifaa chenye nakshi kinachogongwa juu ya udongo. Mara nyingi muhuri wenyewe hauna kosa. Kosa limo kwenye maji: udongo uligongwa ukiwa bado laini, plasta ya muhuri ilikuwa imeshiba maji, au kigae kilikauka uso kabla ya mgongo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nakshi imeharibikaje, uliza imeharibika lini. Kasoro iliyoonekana papo hapo unapogonga inahusu udongo na muhuri. Iliyojitokeza kivulini siku mbili tatu baadaye inahusu ukaushaji. Iliyotoka tanurini ina mambo yake, na ile inayochomoza wiki moja baada ya kuchoma karibu kila mara ni chokaa au chumvi.

Vipimo vya humu ni vya kigae cha udongo mwekundu, sentimita 20 kwa 20 kikishachomwa, unene wa milimita 18 kikiwa kibichi, moto wa nyuzi 1,000 hadi 1,050 za Selsiasi.

Udongo unang'ang'ania muhuri na nakshi inanyofoka

Anza kwa kidole gumba. Kibonyeze kwenye udongo, kisha kiondoe. Kikitoka na udongo, ni mapema mno kugonga. Kikiacha shimo safi lenye mistari ya ngozi ya kidole, wakati umefika. Ikibidi usukume kwa nguvu na kingo za shimo zikapasuka, umechelewa. Usijaribu kuuokoa kwa kunyunyizia maji juu, kwa sababu uso utateleza na ndani utabaki mgumu. Urudishe kwenye pipa, uukande upya. Pwani, siku za kaskazi udongo hupita kiwango chake asubuhi moja tu, ilhali masika unaweza kukaa siku mbili bila kukifikia. Saa haikusaidii hapa. Pima kwa kidole kila siku.

Udongo ukiwa sawa na bado unanata, angalia mahali unaponyofoka. Ukinyofoka leo kona hii na kesho kona ile, tatizo bado ni unyevu au unga unaonyunyiziwa muhuri ili usinate haukuenea. Ukinyofoka mahali palepale kila mara, hapo ndipo uchongaji una kasoro. Chukua donge dogo la udongo, libonyeze sehemu hiyo peke yake, litoe polepole na ulikague pembeni. Utaona ama ukuta wa mchongo umesimama wima kabisa, ama umeingia chini kwa ndani na kuubana udongo. Kila ukuta wa nakshi unapaswa kulala kidogo kwa nje. Kipimo rahisi: mfereji wenye kina cha milimita 3 uwe mpana kwa milimita 1 zaidi mdomoni kuliko chini. Pasipofika kipimo hicho, pasa patasi nyembamba au msasa uliokunjwa. Palipochimbika kwa ndani, jaza nta kisha ulainishe.

Aina ya muhuri nayo ina kanuni yake, na kuchanganya kanuni hizi huleta hasara nyingi:

Muhuri wa mbao haunyonyi maji ya kutosha kujiachia wenyewe, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuutenganisha na udongo. Nyunyiza majivu ya kuni yaliyopita kwenye kitambaa chepesi, au wanga wa mahindi, ukitumia kifuko cha kitambaa unachokigonga juu ya muhuri. Mafuta membamba yaliyofutwa kwa kitambaa yanafaa pia, ila yakizidi hukusanya udongo kwenye pembe na nakshi huanza kufifia baada ya vigae vichache. Vanishi ya kung'aa inaongeza kunata, kwa sababu udongo mbichi hugandamana na uso laini kabisa na hewa haipati pa kupita. Mninga na mvule hutulia vizuri kwenye unyevu; mbao ya paini huvimba nyuzinyuzi na kuacha mistari yake juu ya kigae.

Muhuri wa plasta au wa udongo uliochomwa hujiachia wenyewe, maana hunyonya maji kutoka kwenye uso wa kigae. Usiupake mafuta kamwe. Mafuta huziba vinyweleo na hapo umeua kazi yake yote. Dalili ya plasta iliyoshiba ni kwamba vigae vya kwanza vilitoka kirahisi na vinavyofuata vinazidi kung'ang'ania. Dawa ni kuwa na mihuri mitatu au minne ya nakshi moja na kuizungusha. Ikaushe penye upepo. Ukitaka kujua kama imekauka, iweke shavuni: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Mizani ni sahihi zaidi. Uzito usipopungua kati ya asubuhi mbili mfululizo, imekauka. Usiiweke juu ya jiko wala ndani ya oveni. Joto likipita nyuzi 50 hivi, jasi, yaani madini yanayofanya plasta, huanza kupoteza maji yaliyofungamana nayo, na uso wa muhuri hugeuka unga.

Muhuri wa soli ya kandambili ni mzuri kwa majaribio ya michoro, na hukatwa kwa wembe tu. Ila soli inabonyea, hivyo nakshi hutoka na kina kidogo kuliko ulichokata, na mistari mirefu hupinda. Kwa kazi ya vigae mia moja vinavyopaswa kukutana mstari kwa mstari sakafuni, usiutegemee.

Na usiuvute muhuri kwenda juu moja kwa moja. Inua upande mmoja kidogo, hewa iingie, kisha upande wa pili.

Neno moja kuhusu mchanga wa ufukweni: unafaa kuzuia udongo usinate kwenye mbao, lakini una chumvi, na chumvi hiyo utakutana nayo tena baada ya kuchoma. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, tena kwenye kuta za kalibu (chombo kinachoupa udongo umbo la kigae) tu, si juu ya nakshi.

Pembeni nakshi imekolea, katikati imefifia

Hapa kuna sababu mbili, na zinatofautishwa kwa kuangalia uso. Palipofifia pakiwa laini na pana kijishimo kama kiputo kilichobanwa, hewa ilikosa njia. Toboa muhuri kwa keekee ya milimita 2 kwenye sehemu zake zenye kina kirefu zaidi, tundu lipenye hadi nyuma. Vijichomozo vidogo vitakavyobaki juu ya kigae hukatwa kwa kisu udongo ukishakaza. Tena weka udongo ukiwa na mgongo kidogo katikati, unene wa milimita 2 au 3 zaidi, ili hewa isukumwe kuelekea pembeni.

Palipofifia pakiwa bapa bila kijishimo, nguvu haikutosha. Hesabu iko wazi: muhuri wa sentimita 20 kwa 20 una eneo la sentimita za mraba 400. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya muhuri mzima, kila sentimita ya mraba inapata chini ya gramu 180. Hiyo haitoshi kwa udongo uliokaza vya kutosha kutonata. Ndiyo maana wengi hulainisha udongo ili nakshi itoke, kisha wanalalamika kuwa unanata. Kuna njia mbili za kutoka kwenye mtego huo. Ya kwanza ni kuigawa nakshi: muhuri wa sentimita 10 uliogongwa mara nne, ukizungushwa robo kila mara, hukusanya nguvu ileile kwenye robo ya eneo, na maua ya duara au minyororo kama ile ya milango ya Lamu na Unguja yanakubali vizuri kugawanywa hivyo. Ya pili ni jeki ya gari ya tani 2 iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma. Kilo 2,000 juu ya eneo lile ni kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba, na hapo unaweza kutumia udongo mgumu kiasi ambao haunati, haupindi sana, na unasinyaa kidogo. Muhuri wa plasta chini ya jeki uwe na unene usiopungua sentimita 5 na uzungushiwe fremu ya chuma, la sivyo utapasuka.

Muhuri wa plasta unamung'unyika

Kwanza hakikisha umenunua kitu sahihi. Unga wa jipsamu unaotumika kuziba maungio ya dari una gundi na vichelewesho. Haukai imara na haunyonyi maji vizuri. Omba plasta ile ambayo mafundi wa mapambo ya dari humwaga kwenye kalibu zao. Mfuko uliofunguliwa muda mrefu sehemu yenye unyevunyevu umeshaanza kushika wenyewe. Ukiona mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, usiutumie.

Kipimo ni maji 70 kwa plasta 100, kwa uzito. Muhuri wa sentimita 22 kwa 22 wenye unene wa sentimita 4 unahitaji plasta kilo 1.9 na maji lita 1.33. Maji yakizidi, muhuri hunyonya vizuri lakini kingo zake huliwa haraka; yakipungua, unakuwa mgumu na haunyonyi. Nyunyiza plasta juu ya maji, si maji juu ya plasta. Iache dakika moja hadi mbili ilowane, kisha ikoroge dakika mbili au tatu mkono ukiwa chini ya maji ili usiingize viputo. Kidole kikianza kuacha alama usoni, imwage. Ikishaanza kuganda usiikoroge tena wala kuiongezea maji. Plasta iliyovunjwa wakati inashika haipati nguvu yake kamwe, na hii ndiyo sababu kubwa ya mihuri inayomung'unyika ingawa vipimo vilikuwa sahihi.

Ukimwaga juu ya kielelezo cha udongo mbichi, huhitaji kupaka kitu. Juu ya mbao au juu ya plasta nyingine, paka sabuni laini mara tatu, ukifuta povu kila mara, la sivyo havitaachana.

Vipande vya plasta vilivyodondoka ndani ya udongo ni hatari kuliko muhuri ulioharibika. Vikichomwa hunywa unyevu baadaye, huvimba na kurusha kipande cha uso wa kigae. Udongo uliokatwa kutoka kingo za kalibu ya plasta usiurudishe kwenye pipa bila kuuchuja.

Kona hazijai, au kigae hakitoki kwenye kalibu

Kona tupu ni matokeo ya kuweka udongo vipande vipande. Kanda bonge moja, lirushe kwa nguvu katikati ya kalibu, kisha lisukume kwa kiganja kuelekea kona. Kalibu ya sentimita 22.2 kwa 22.2 yenye kina cha milimita 18 inameza udongo wa kilo 1.7 hivi, chukua bonge la kilo 2 na ukate kinachozidi kwa waya uliovutwa juu ya kingo. Vipande vilivyopachikwa huacha maungio ndani, na hayo hufunguka tanurini.

Kigae kinachokwama humaanisha kuta za fremu zimesimama wima au mbao imevimba. Fremu iwe pana kwa milimita 1 au 2 zaidi upande ambao kigae hutokea. Ifunge kwa skrubu zisizoshika kutu, maana misumari hulegea mbao inapovimba na kusinyaa, na pembe mraba hupotea bila wewe kuona. Pima ulalo wa kona kwa kona kila wiki: milalo miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, ikaze upya kabla hujatengeneza sakafu nzima yenye mistari isiyokutana.

Vigae vinapinda

Tatizo hili ndilo linalotupa vigae vingi kuliko mengine yote. Ukijua upande uliopinda, umejua sababu. Kona zikiinuka juu, uso ulikauka haraka kuliko mgongo: kigae kililala juu ya plastiki au mbao iliyolowa na upepo ukapiga juu. Kona zikishuka, mgongo ndio uliotangulia, kwa kawaida kwa sababu kililazwa juu ya sakafu kavu ya saruji au bamba la plasta linalonyonya sana. Kona moja tu ikiinuka, kuna mtu alikibeba kwa kona hiyo kikiwa kibichi. Udongo haukusahau; hata ukikinyoosha kikaonekana sawa, tanuri litakirudisha kilivyopindwa.

Kwa hiyo kigae kibichi hakibebwi. Weka ubao juu ya kalibu, geuza vyote pamoja, kisha inua kalibu. Ubao ufunikwe gazeti ili kigae kiweze kusinyaa bila kushikwa chini. Kiache hadi kucha ichore lakini kidole kisibonyee, halafu panga vigae viwili viwili uso kwa uso, viwe sita au vinane kwa mrundo, ubao juu na tofali moja juu ya ubao. Funika kingo kwa vipande vya mifuko ya plastiki, uache katikati wazi. Geuza mrundo kila siku. Kwenye kivuli kisicho na upepo mkali, siku 10 hadi 14 zinatosha, masika ongeza.

Mgongoni kata mifereji ya kina cha milimita 3, kila baada ya sentimita 3. Inapunguza unene, inasawazisha kukauka na uso wenye nakshi, na baadaye inaishika saruji. Tena, kabla ya kuunda vigae, ongeza unga wa magae kwenye udongo: vunja vyungu au matofali yaliyochomwa, twanga, chekecha kwa wavu wa milimita 1, changanya sehemu 1 kwa sehemu 4 za udongo. Udongo mtupu wenye mafuta, yaani laini na unaovutika sana, unafaa chungu, haufai kigae bapa.

Nyufa

Ufa unaoanzia ukingoni kuelekea ndani ni wa kingo kukauka kwanza. Ufa wa katikati usiofika ukingoni ni wa kigae kilichonata kwenye ubao. Ufa unaofuata mfereji wa nakshi una chanzo kwenye muhuri wenyewe: chini ya mchongo kuna ncha kali, au umechonga kina kirefu mno. Zungusha ncha hiyo kwa msasa, na hakikisha chini ya mfereji inabaki angalau theluthi mbili ya unene. Kwa kigae cha sakafu, kina cha milimita 2 hadi 3 kinatosha. Nakshi ya milimita 5 inapendeza mezani, lakini sakafuni hushika uchafu, hukwaza mguu, na vilele vyake humeguka.

Ufa uliotoka tanurini ukiwa mwembamba, wenye kingo kali, na kigae kikigongwa kinatoa sauti butu, ni wa kupoa ghafla. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafla kwenye nyuzi 573, wakati wa kupanda na wa kushuka pia. Tanuri la kuni lililofunguliwa jioni ileile ili kuwahi mteja ndilo linalozaa nyufa hizi. Liache lifungwe hadi mkono uvumilie ukuta wake wa nje na hewa ya ndani iwe vuguvugu.

Kigae ni kidogo kuliko kilivyokusudiwa

Tengeneza kipande cha jaribio, chora mstari wa milimita 100 juu yake, kikaushe, kichome kwa moto wako wa kawaida, upime tena. Ukipata 90, udongo wako unasinyaa asilimia 10. Gawanya kipimo unachokitaka kwa 0.90: sentimita 20 ÷ 0.90 = 22.2. Muhuri wa udongo uliochomwa unasinyaa mara ya kwanza peke yake, na mara ya pili ndani ya kigae. Ua la milimita 100 linakuwa 90 kwenye muhuri na 81 sakafuni. Ukilitaka libaki 100, lichonge likiwa 123. Rudia jaribio kila unapobadilisha shimo la udongo.

Nakshi iliyojazwa udongo mweupe inadondoka

Mafundi wa Uingereza wa karne ya 13 walijaza mifereji ya nakshi kwa udongo mweupe, na mbinu hiyo inafanya kazi hadi leo. Ujazo ukidondoka au kuacha mwanya pembeni, ulisinyaa zaidi ya kigae, kwa kawaida kwa sababu ulimwagwa ukiwa mwepesi sana. Jaza kwa safu mbili au tatu nzito, ukisubiri kila moja ipoteze mng'ao wa maji, na kigae chenyewe kiwe bado na unyevu. Ujazo ukikaa mahali pake lakini ukawa unga ukisugua kwa kidole, haukuiva: udongo mweupe wa kaolini kama wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, peke yake, unahitaji moto mkubwa kuliko huu. Uchanganye na unga laini wa kioo kilichosagwa, anza na asilimia 10, ukivaa barakoa wakati wa kusaga. Kwangua ziada udongo ukishakaza. Ukikwangua mapema, wekundu huingia kwenye weupe.

Uso unarusha vipande au unatoa weupe baada ya kuchoma

Kishimo chenye nukta nyeupe chini yake ni chokaa. Udongo uliochimbwa karibu na ufuko una chembe za matumbawe na kombe. Moto huzigeuza chokaa hai, nayo hunywa unyevu wa hewa, huvimba na kuvunja uso. Saga udongo mkavu, udondoshee siki: ukitoa povu, chuja uji wake kwa wavu wa nusu milimita au utafute shimo jingine. Vigae vilivyokwisha kuchomwa vinaweza kuokolewa kama chembe ni ndogo: vitumbukize kwenye maji vikiwa bado vuguvugu kutoka tanurini, vizame kabisa hadi viputo viishe, ili chokaa izimike haraka na kulainika.

Weupe kama vumbi kwenye vilele vya nakshi na kingo ni chumvi, na hukusanyika hapo kwa sababu ndipo maji yanapotokea haraka zaidi. Ukioshwa ukaondoka, suuza na kausha mara kadhaa kabla ya kutandika. Ukiwa umechomeka hautoki tena. Kwa udongo ujao acha maji ya kisima yenye chumvi, loweka kwa maji ya mvua, mwaga maji ya juu, loweka tena.